Mawe ya Utelezi ya Baba Dina

Mwaka umetimia sasa, Baba Dina, tangu ulipotuacha hapa Newala, Machi 12, 1997. Asubuhi mkono wangu bado unachukua vikombe viwili, kisha ninakirudisha kimoja.

Ulikuwa mpimaji wa maji ya bahari kule Mtwara, wewe mzaliwa wa huku juu ambako ndoo moja ya maji hupandishwa mlima kutoka bondeni. Tulikutania sana kwa hilo. Ulicheka tu, ukaondoka na miswaki yetu. Uliitumia kusugua utelezi wa mawe ya baharini, ukitafuta vijimea visivyoonekana kwa macho, ulivyoviita dayatomu. Ulisema maji yakiharibika, aina fulani hutoweka na nyingine huzidi, hata kama maji yenyewe yanang'aa. Dina alilijua jina hilo kabla hajajua kuandika lake.

Hatujasahau mwaka 1993. Watu binafsi walikuwa wameanza kufungua viwanda, na kimoja kilimwaga maji yake kwenye ghuba ndogo ambako akina mama waliokota kombe wa kitoweo. Watoto wao wakaanza kuharisha. Mkubwa wako wa kazi alitaka jibu kuhusu maji hayo Jumatatu. Hadubini ya ofisini ilikuwa mbovu, ukapanda basi kuja huku na ndoo ya mawe ndani ya maji yake ya bahari, ili utumie ile ya shule kwa rafiki yako Mwalimu Shamte.

Ulipotoka kumtafuta Mwalimu, mama yako, Bibi Isabela, aliiona ndoo. Kwetu anayetoka kwenye maji huleta maji, akajua ni zawadi. Alionja, akatema. Lakini huku maji hayamwagwi bure, basi akayatumia kusugulia mawe yako kwa mchanga mpaka yakatakata, akayaanika juani. Uliporudi alikupokea kwa furaha: "Mwanangu, mawe yako yalikuwa na uchafu huo! Nimekusafishia."

Ulikaa chini. Nilidhani utafoka. Ukasema, "Ahsante, mama."

Mimi nilikuambia uandike tu, kila mtu anajua maji yale ni mabaya. Ukanijibu, "Mama Dina, sijaona. Nisichokiona siandiki." Ukarudi Mtwara, ukaokota mengine, ukapanda nayo tena. Jibu lilichelewa siku nne, ukakaripiwa. Lakini lilikuwa jibu la kweli, bomba la kiwanda likahamishwa, na watoto wale wakapona.

Mwaka uliofuata wafanyakazi walipunguzwa, na jina lako likawamo. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Wewe ulirudi kupalilia mikorosho huku unapiga mluzi.

Mama hukumwambia kamwe alichokuwa amekisugua. Mwalimu Shamte ndiye aliyemsimulia, msibani kwako. Mama alilia upya.

Juzi tulikwenda kusafisha kaburi lako. Mvua za mwaka huu ni nyingi, na mawe yaliyolizunguka yameota utelezi wa kijani. Mdogo wako Bonifasi alikwisha kuinama na brashi, mama akamshika mkono.

"Hayo yaache," alisema. "Safari hii siyaoshi."

Unakumbukwa na mama yako Isabela, mimi mkeo Dominika, watoto wako Dina na Benjamin, mdogo wako Bonifasi, na Mwalimu Shamte ambaye kwetu ni ndugu.

Tutakukumbuka siku zote, Felician. Mawe yako tumeyaacha kama yalivyo.