Kibuyu cha Aliyeweka Jembe Chini

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama hakutufundisha kuanza kusema na mkubwa bila salamu, hata mkubwa huyo akiwa kaburini. Hasira yangu iko palepale.

Niko kambi ya mkonge huku Tanga, mikono imechanika, kalamu inateleza. Habari ya kifo chako ilinikuta shambani, umeshazikwa kwetu Ilongero. Wanasema wakubwa wa chuo walikuja na magari, wakahutubia kaburini kwamba ameondoka profesa wa sheria za kazi, mtetezi wa wanyonge. Niliposimuliwa nilitema mate.

Ng'ombe wa baba waliuzwa ili usome. Mimi niliishia darasa la nne, nikachunga waliobaki, na sikukuonea wivu. Ulipoanza kufundisha chuo kikuu ukanitafutia kazi ya kuosha masufuria jikoni palepale. Siku moja nilisimama dirishani nikakusikia ukiwasimulia wanafunzi habari za mama. Alivyoalika majirani kulima kwa pombe ya mtama, mzee mmoja akaweka jembe chini jua halijapanda, na sisi watoto tukapiga kelele, "Mvivu huyo, asipewe!" Mama akamwuliza kwanza, "Baba, umepatwa na nini?" Mzee akainua mguu. Mwiba ulikuwa umezama wote. Akapewa kibuyu cha kwanza.

Ukawaambia, "Sheria yote ya kazi imo humo. Usimhukumu mtu kabla hujamwuliza."

Nililia pale dirishani, Kaka. Masizi mikononi, machozi usoni.

Halafu wakakupandisha, ukawa mkuu wa utawala. Tulipokataa kupika maharage yaliyobunguliwa, hukuja hata kuyanusa. Ilibandikwa karatasi moja ya kufukuzwa kazi mlangoni, majina ya jiko zima, na sahihi yako chini. Jina langu limo. Nilikuja ofisini kwako, karani akanicheka: "Profesa hana nafasi, anaandika hotuba ya Sikukuu ya Wafanyakazi." Nikakaa kwenye benchi mpaka wakafunga. Ulitokea mlango wa nyuma.

Mlango wa nyuma, Kaka! Kwa mdogo wako!

Kinyaa kile hakijanitoka. Mama nilimwambia kazi iliisha tu. Sasa amemwandikisha mwalimu wa kijiji barua: nije tumalize matanga, nisimame mbele ya watu, nieleze ulivyowatendea wafanyakazi wako, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu nawe. Anataka asikie kabla hajafa. Maskini, hajui anachoomba.

Nitakuja. Nilimdanganya mara moja, sitamdanganya tena. Lakini nakuahidi hivi: kabla sijafungua mdomo, nitauliza nani ana neno la kukutetea. Waseme wote, wakubwa wa chuo wakiwapo waseme, hata jua likizama. Nitakaa chini, nitasikiliza mpaka wa mwisho amalize. Ndipo nitasimama.

Lala, Kaka. Wewe utaulizwa kwanza.

Mdogo wako,
Hamisi