Maziwa ya Zaituni

Jumatatu, 5 Mei
Nimemfunga mke wangu, Zaituni, kilemba. Nimempa kidonge. Nimefagia. Zamani alikuwa akikamua mawese kwa mikono yake. Sasa kijiko kinamshinda.

Daktari wa Bujumbura anasema ugonjwa huu wa kutetemeka unaua ubongo polepole. Wataalamu wanashuku kwamba kwa baadhi ya wagonjwa huanzia tumboni, na bakteria wa utumbo huenda wanachangia. Haijathibitishwa. Zaituni alisumbuliwa na choo kigumu miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Tulilaumu muhogo.

Jumatano, 7 Mei
Maziwa ya mgando yana bakteria wazuri. Nimeyaagiza kutoka tarafa ya Muhuta. Kidonge hakimezwi kwa tumbo tupu, ndivyo tulivyolelewa. Nammezesha kwa kikombe cha mgando, asubuhi na jioni. Nina matumaini. Nilikuwa nimeyasahau.

Jumanne, 13 Mei
Muuza maziwa amenicheka mbele ya watu: "Mwalimu, kwako iko mutoto muchanga? Maziwa yote hii!" Nimelipa, nikaondoka.

Zaituni hunywa hadi tone la mwisho. Halalamiki.

Jumapili, 18 Mei
Hali mbaya. Amekwama mlangoni kama mtu aliyesahau kutembea. Sauti imefifia. Akiniita, simsikii.

Nimeongeza kikombe cha mchana.

Jumanne, 20 Mei
Ameanguka. Paji la uso limepasuka.

Nimempigia daktari. Akauliza dawa anaimeza na nini. Nikamweleza, tena kwa majivuno. Akanikosoa. Kumbe protini ya maziwa, kama ya samaki na maharage, huizuia dawa hii isifike ubongoni. Imezwe kwa maji. Chakula kifuate baadaye. Habari ya bakteria ilikuwa dhana tu, na aliniambia hivyo tangu mwanzo.

Kweli aliniambia. Mimi ndimi niliyemwangusha.

Ijumaa, 30 Mei
Dawa kwa maji. Leo ametembea hadi uani bila kushikwa, akaketi mkekani, akamega ugali mwenyewe. Kabla ya adhuhuri nguvu ya dawa ikaisha, mkono ukaanza tena. Daktari hakunificha: nafuu hii itazidi kuwa fupi.

Nilimwomba radhi angali anaweza kusema.

"Baba Hadija, mimi mgando sikuupenda tangu utoto."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akinywa.

"Ulikuwa unakuja na kikombe, unatabasamu."

Nimekiosha kikombe. Nimekirudisha kabatini.