Shimo la Udongo la Mama Burito

Makoko, Musoma
3 Juni 2023

Shangazi yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umetulia. Huku kwangu salama. Mama alikuja wiki iliyopita kutoka Butiama, akasema nyumba yangu inanuka dagaa na ndiyo maana sijaolewa. Nikamwacha aseme.

Shangazi, naandika kwa sababu simu yako inakata kila nikifika kwenye jambo lenyewe. Unajua kiwanda cha matofali kimenipa kazi ya mazingira. Sasa nimepewa kuandika mpango wa kurejesha ardhi ya lile shimo lao la udongo, lililo kwenye ardhi yako, ambayo marehemu Baba Burito aliwakodisha. Upande wa kaskazini wataendelea kuchimba miaka kumi hivi. Upande wa kusini walishamaliza, kwa hiyo unatakiwa uanze kutengenezwa sasa. Yale maji ya mvua yaliyotuama pale, kijiji kinataka yabaki yawe lambo la ng'ombe. Mimi pia naona ni vema. Tutaweka uzio na kupanda miti.

Mwenye ardhi ni wewe, na bila neno lako mpango hauendi popote. Najua ni shimo gani ninalokutajia. Nisamehe, na unijibu bila kunionea haya.

Binti yako,
Skolastika


Mugeta
18 Juni 2023

Skola mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, mgongo bado ni ule ule. Mwambie mama yako aache kukusema. Yeye mwenyewe alichelewa mpaka tukaanza kumwombea novena.

Barua yako nimeisoma na jibu langu ni fupi. Jazeni. Jazeni mpaka pawe sawasawa na shamba, nipande mihogo juu yake. Mwanangu Burito alifia kwenye maji hayo akimfuata mtamba wetu aliyeteleza, na tangu siku ya kumzika sijakanyaga pale. Jioni nikisikia ng'ombe za watu zinapita kwenda kunywa, nafunga dirisha. Wewe ulikula na Burito sahani moja. Usiniletee habari za uzio na miti.

Shangazi yako,
Bhoke


Makoko, Musoma
10 Julai 2023

Shangazi,

Shikamoo. Habari za tangu mkutano wa kijiji juu ya shimo? Uliondoka bila kuniaga, nikabaki nimeshika kikombe cha chai ya mwenyekiti kama mgeni.

Najua maneno ya jirani yako Mseti yalikuchoma. Lakini hakusema kwa ubaya. Nilimwona machozi yakimlenga aliposema, "Mama Burito, sisi wote tulilia na wewe. Ila kiangazi ng'ombe zetu zitakunywaga wapi? Tuzipeleke mtoni kutwa nzima, zirudi nusu, nyingine zimekufa njiani?" Nawe ukamjibu, "Mimi wangu hakurudi kabisa."

Nikwambie ukweli, maana wewe ndiye uliyenifundisha kutozungukazunguka. Kujaza shimo lile hatuna udongo. Wote uliotoka pale umeshakuwa nyumba za watu hapa Musoma. Ili tulijaze itabidi tuchimbe jingine kubwa kama lile, kwenye shamba la mama mwingine.

Hata hivyo sitaandika kwamba umekubali wakati umekataa. Nimemwambia hivyo Fred, meneja wetu. Amenijibu kwamba kama nimeshindwa na shangazi yangu mwenyewe atatafuta mtu mwingine. Mwache atafute. Wewe niambie tu unachokitaka, tofauti na kujaza, nami nitakipigania.

Binti yako,
Skolastika


Makoko, Musoma
27 Agosti 2023

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu, na simu haipatikani. Recho, mke wa Mseti, alikuja sokoni akaniambia siku hizi wanawake wakikuona bombani wanachota haraka na kuondoka, kwa sababu umewakatalia maji ya mifugo. Nimelia, Shangazi. Nimekasirika pia, sijui na nani.

Nakutumia dagaa na sukari kwa kondakta. Kama hutaki kuniandikia, basi usiandike. Lakini ule.

Skola wako


Mugeta
16 Septemba 2023

Mwanangu Skola,

Nimepokea mzigo. Dagaa ni wazuri, wale wakavu wenyewe. Kumbe mama yako ana wivu tu.

Uliniuliza ninachokitaka. Nimechelewa kwa sababu jibu lake linahitaji nikuandikie kitu ambacho sijamwambia mtu, hata baba yako, ndugu yangu, hakukijua mpaka anaingia kaburini. Kwenye simu nisingeweza.

Watu wanasema Burito alizama kwa kuwa hakujua kuogelea. Burito alijua. Kila likizo alikuwa kwenu Makoko, ziwani kutwa, unakumbuka mlivyokuwa mnapigwa kwa sababu hiyo. Siku ile waliponiita, walikuwa wameshamtoa na kumlaza upande ule zinaposhukia ng'ombe. Wote walimtazama yeye. Mimi niliinua macho nikauona ukuta wa upande wa pili, ule ulio chini ya shamba langu la mihogo, ulionyooka kama wa nyumba. Kwenye udongo kulikuwa na alama za vidole vyake. Nyingi, Skola. Alipanda akateleza, akapanda akateleza. Unajua udongo wa mfinyanzi ukilowa, ni mlenda. Alijaribu mpaka nguvu zikamwisha, na mimi nilikuwa nyumbani napepeta mtama.

Mvua zilizofuata zikazifuta. Ila mimi nikifumba macho naziona.

Nilisema jazeni kwa sababu kuutaja ukuta ule nilikuwa siwezi. Sasa nimeutaja. Ng'ombe za Mseti hazina kosa, na maji ni baraka, hata mimi najua. Uzio wako hausaidii kitu, mtoto akiamua anaruka uzio. Uondoeni ukuta ule.

Shangazi yako,
Bhoke


Makoko, Musoma
1 Oktoba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikiwa ofisini, nikatoka nje nikakaa nyuma ya gari la maji hadi nikaweza kurudi. Pole, Shangazi. Pole kwa kuubeba mzigo huo peke yako muda wote huo. Siku ile ya msiba nililala ubavuni mwako na sikujua.

Kwenye ramani yangu ukuta ule nimeuchora kwa mstari mmoja, na pembeni nimeandika "uzio". Nimeshalifuta neno hilo.

Nimezungumza na Fred. Aliguna kwanza, halafu akakubali kwamba udongo wa ukuta ule ni mzuri. Badala ya kuendelea kaskazini, katapila lianze hapo, likate ukuta uwe mteremko wa taratibu, udongo uende kiwandani kama kawaida. Na ifanyike sasa, maji yakiwa yamepungua, kabla mvua hazijakolea. Hiyo ndiyo habari njema.

Ngumu ni hii. Ukuta umefika mwisho wa eneo mlilokodisha. Ili mteremko ulale vizuri kiasi cha mtu kupanda bila kuteleza, itabidi uingie kwenye shamba lako la mihogo, karibu nusu yake. Watalipa fidia, lakini najua shamba lile ndilo linalokulisha. Siwezi kukuomba zaidi ya hapa. Nasubiri neno lako.

Binti yako,
Skolastika


Mugeta
11 Februari 2024

Skola mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi sijambo, mvua zimekuwa nzuri na mtama umesimama. Nasikia unalalamika kwa mama yako kwamba sikukuandikia jibu. Gunia la mihogo ulilopelekewa na kondakta halikuwa zawadi, lilikuwa jibu langu. Nilianza kung'oa nusu ya shamba kwa mkono wangu kabla katapila halijafika. Ulipoleta katapila nikajua umeelewa.

Mseti na wanawe walikuja kunisaidia kung'oa bila kuitwa. Hatukuongea sana. Recho alipika ugali, tukala pamoja.

Andika kwenye mpango wenu kwamba mwenye ardhi amekubali maji yabaki. Miti pia pandeni, lakini isiwe mikaratusi, italimaliza lambo lote.

Jana nilikwenda. Sikumwambia mtu. Nyasi mlizopanda zimeshika, na pale ukuta ulipokuwa sasa pamelala, ng'ombe zinashuka zenyewe. Nilivua ndala nikashuka hadi maji yakanifika vifundoni. Nikamlilia mwanangu kwa sauti, Skola, kilio ambacho sikukitoa siku ya mazishi. Ng'ombe za Mseti ziliacha kunywa zikanitazama.

Nilipomaliza niligeuka nikapanda. Udongo uliteleza kidogo, nikaendelea tu, nikafika juu. Mimi na mgongo wangu huu. Mtu yeyote angefika.

Shangazi yako,
Bhoke