Boti Haiendi Nyumbani Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kazini nimekuta miguu ya Boni imetokeza chini ya trela. Kama jana. Kama juzi. Anapaka beringi grisi. Ndugu yangu huyu sahani hajawahi kuosha, lakini beringi anazipangusa kama anamwogesha mtoto mchanga.

Boti iliyo juu ya trela hiyo imeziba uwanja wangu wote hapa Mutuini. Nguo naanika kwa jirani. Boti ni nyeupe, ina mstari wa buluu, Fundi Kamau ameimaliza juzi juzi tu. Ijumaa ya wiki ijayo Boni ataivuta mpaka ziwani, kwa mama, akaanze kazi ya kuvusha watu kwenda kisiwani. Pikapu ameazimwa na ile familia ya Kitisuru aliyokuwa dereva wao kabla hawajapunguza wafanyakazi.

Mambo yanakwenda sawa. Sipendi yakienda sawa hivi.

Jumatano, 5 Machi

Ofisini, mjini, faili jipya la madai ya bima. Kazi yangu ndiyo hiyo, kupokea ajali za watu zikiwa zimeshakauka kwenye karatasi. Leo ni trela iliyobeba jenereta. Pikapu imelala ubavu, trela iko juu yake. Dereva ni wa umri wa Boni. Nimefunga faili nikaenda kunywa chai.

Jioni Fundi Kamau alipita kukagua mikanda ya kufungia boti. Akasema mbele ya trela lazima ikandamize pikapu kidogo. Uzito ukirudi nyuma, trela inaanza kupunga mkia, na ikishaanza kwa mwendo wa kasi dereva haishiki tena. Alisema hayo akitafuta kofia yake, kama mtu anayesema kesho kutanyesha. Boni akaitikia.

Alipoondoka nikaweka ndani ya boti jiko la gesi la kumpelekea mama. Moja tu. Si inaenda huko huko.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeijaribu. Boni mbele na pikapu na boti, mimi nyuma na kigari changu. Tukapita Dagoretti, Kikuyu, tukashuka Waiyaki Way mpaka Loresho, tukageuza. Boti ilifuata pikapu kama ng'ombe aliyezoea njia. Taa zinawaka, breki sawa. Pale Loresho walinzi wa mageti walisimama kutazama. Boni alicheka njia nzima, nilimwona kwenye kioo chake. Sijamwona akicheka hivyo tangu apoteze kazi.

Nimefurahi. Niandike hilo pia.

Tuliporudi tukamkuta Mjomba Zablon langoni. Ndugu wa mama, mkubwa wetu hapa Nairobi. Ndiye aliyempokea Boni alipokuja mjini, akamlaza kwake, akamtafutia kazi ya kwanza. Amekuja na mashine ya kusagia mahindi juu ya mkokoteni. Iende nyumbani. Hakuuliza, na kwetu hakuna anayeuliza. Gari la kwenda nyumbani haliondoki Nairobi tupu, na anayekataa mzigo wa mtu amemkataa mtu mwenyewe.

Boni akashika upande mmoja wa mashine. Wakaipandisha.

Jumapili, 9 Machi

Pasta amekuja baada ya ibada kuiombea boti. Kanisa zima likamfuata. Aliombea magurudumu, akaombea maji, akaombea adui wa boti waaibike. Sikujua boti ina adui.

Baada ya amina, mizigo. Mabati. Magodoro. Kochi la mama mmoja wa kwaya. Pasta naye viti vya plastiki, vya kanisa dogo la huko. Kila mtu anasema changu ni kidogo. Mbele ya boti ni kwembamba, kwa hiyo vyote vimekwenda nyuma. Niliwasaidia kupanga. Nilitabasamu mpaka taya likauma.

Naogopa. Si wasiwasi wa kawaida. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi

Simenti. Nani ameleta simenti? Boni anasema ni ya rafiki wa Mjomba. Nimeshusha jiko la mama nikalirudisha jikoni. Nilidhani wengine wataona, waige. Mama wa kwaya akasema nafasi imepatikana, akaleta stuli.

Jumatano, 12 Machi

Niliomba ruhusa nikatoka kazini mapema. Nikamlazimisha Boni tuijaribu tena, na mzigo wake wote.

Mpaka Dagoretti ilikwenda vizuri. Kwenye barabara kubwa ya kuelekea Kikuyu akaongeza mwendo, na mimi nyuma nikaona. Mkia ulikwenda kushoto. Ukarudi. Ukaenda kulia, zaidi kidogo. Ukaenda kushoto, zaidi. Pikapu ikaanza kuvutwa nayo. Boda boda aliyekuwa akitaka kumpita Boni akakanyaga breki, akabaki nyuma yangu. Nilikuwa napiga kelele peke yangu ndani ya gari. Boni akaachia mafuta, taratibu ikatulia.

Aliposimama kando ya barabara, mikono yake ilikuwa kwenye usukani na hakuitoa. Akasema ni upepo. Majani hayakuwa yanatikisika. Nikamwambia kwamba hiyo ni tambarare, na kwamba Ijumaa ana mteremko wa Mai Mahiu, malori yote yale, na bonde upande mmoja. Nikamwambia ashushe mizigo. Akasema ataendesha polepole. Nikamwambia mteremko haukuulizi kama unataka kwenda polepole.

Boni si mjinga. Alihisi. Ila huyu mtu hajui kusema hapana, hajui tangu utotoni, na wote wanalijua hilo.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nimeiandika nikaikata. Sitaki neno hilo kwenye ukurasa huu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua mchana kutwa. Nimewaita wenye mizigo sebuleni kwangu, nikawaeleza. Nikaeleza vizuri, bila hasira, nikaweka hata kijiko na kiberiti mezani kuonyesha uzito unavyorudi nyuma. Walisikiliza, wakala mandazi yangu, wakanitazama kwa huruma. Mama wa kwaya akasema ni pepo la hofu. Mwingine akasema nimesoma ajali mpaka nimekuwa ajali. Wakacheka. Hata mimi ningecheka, kama angekuwa ndugu wa mtu mwingine.

Mjomba Zablon hakucheka. Alisema polepole, kwa upole, na hilo ndilo baya zaidi.

"Msichana wangu, hii boti ni ya nyumbani. Na kitu ya nyumbani haikatai mzigo ya nyumbani. Ama huyu kijana amesahau nani alimshika mkono?"

Boni akatazama chini. Akasema itaenda yote, Anko.

Nimewachukia wote. Nimemchukia Boni kuliko wote. Sijala.

Ijumaa, 14 Machi

Kumekucha, mvua imeacha, barabara bado maji. Nilivaa nguo za ofisi. Mjomba alikuja kuaga, na mama wa kwaya, na pasta kwa ombi fupi. Boni alizunguka trela akigusa kila mkanda, kila nati. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alinipa mkono kama mtu anayekwenda mbali sana.

Nikafungua mlango wa abiria, nikaingia, nikafunga mkanda.

Akaja dirishani. "Dada, shuka."

"Kwa nini?"

"Shuka tu. Unaenda job."

"Kama iko salama, iko salama hata kwangu. Kwa nini nishuke?"

Alisimama pale. Mjomba akaniita kwa jina langu la nyumbani, la utotoni, nami nikatazama mbele. Boni akazunguka, akaingia, akawasha.

Alikwenda polepole, magari yakitupita kwa honi. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu. Kabla ya Kikuyu kuna kishuko, kidogo tu, hata hakina jina. Hapo nikaisikia kwa mgongo. Kitu nyuma kinavuta kiti, kushoto, halafu kulia. Boni hakutazama kioo. Alinitazama mimi.

Akakata kuingia kituo cha mafuta kilichokuwa mbele. Akazima injini. Akashuka, akaanza kufungua mikanda. Nikashuka na mimi, na viatu vyangu vya ofisi, nikapokea. Kochi. Viti. Mabati yalinikata kiganja. Mashine ya Mjomba tulisaidiwa na wahudumu wa pampu. Boni alilia alipokuwa akiishusha. Nilijifanya sioni.

Boti ilipobaki tupu alisogeza gurudumu la spea na madumu ya mafuta karibu na pua ya boti, akakaza mikanda upya. Akanikumbatia. Akaondoka. Trela ilimfuata imenyooka mpaka wakapotea.

Nikaketi kwenye kochi la mama wa kwaya, hapo kando ya pampu, nikampigia bosi wangu kwamba naumwa. Kisha nikampigia Mjomba Zablon, nikamwambia mizigo iko wapi. Alikata simu kabla sijamaliza.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani hakuna aliyekaa kwenye benchi langu. Pasta alihubiri juu ya ugumu wa moyo. Mjomba alipita karibu yangu mlangoni, akamsalimu mtu wa nyuma yangu. Itachukua muda. Pengine haitaisha.

Uwanja ni mtupu sasa. Nimeanika nguo kwangu.

Boni alipiga simu mchana. Boti iko majini tangu jana, haivuji. Mama amepandishwa akakaa katikati na mwavuli wake, akakataa kushuka. Nikacheka. Kisha Boni akashusha sauti. Akasema kwamba pale mteremkoni lori lilimpita kwa kasi, upepo wake ukaisukuma trela. Ikacheza, akadhani imekwenda bondeni, halafu ikanyooka yenyewe.

"Ilikuwa empty, dada," akasema. "Ilikuwa empty na bado ilinishinda kidogo."

Nilisikia maji nyuma yake, na mtu akiita jina lake. Nikamuuliza kama mama amekula.