Mshale Niliouchora kwa Kutazama Mlima

Embu, Alhamisi jioni. Mchana jua limewaka sana, sasa kuna ule upepo wa kuteremka kutoka mlimani na nimevaa sweta mbili. Leo sina maringo. Nyinyi mlionizoea hapa mnajua hiyo peke yake ni habari.

Niseme haraka kabla sijaanza kujihurumia: nimemharibia mtu kazi, na nimeiharibu nikijisifu.

Mtu mwenyewe ni Nyambura, msichana wa Kangari anayesomea miamba chuo kikuu. Mimi namwita Madam. Yeye ananiita Profesa, kwa kunicheka, kwa sababu siku ya kwanza nilimwambia niliacha shule kidato cha pili kwa vile walimu walikuwa wameishiwa na vya kunifundisha. Alinichukua nimbebee nyundo, maji na mifuko ya mawe kwenye vilima vya Mbeere, wiki mbili.

Mawe ya kule si kama yetu ya Nyeri, haya meusi ambayo mlima wetu uliyatapika juzijuzi tu. Yale ni mizizi ya milima mingine, ya zamani kabisa, iliyolika ikaisha. Madam anasema nchi mbili zilisukumana, bahari iliyokuwa katikati ikabanwa mpaka ikapotea, na mawe yakapikwa huko chini hadi yakatoka na mistari, myeupe na myeusi, kama nyama yenye mafuta. Mahali pachache, sakafu ya ile bahari ilibaki imenaswa kati ya mistari: jiwe la kijani, ukiligusa linateleza kama sabuni.

Bahari. Mbeere. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa, jiwe la kupelekwa maabara halivunjwi ovyo. Kwanza unalichora mshale wa kaskazini kwa maka, ile kalamu nene isiyofutika, likiwa bado limeshikana na mwamba. Ndipo unapiga nyundo. Likitoka bila mshale, hakuna anayejua lilikuwa linaangalia wapi, na Madam anatafuta hicho tu: ile milima ilisukumwa kuelekea wapi.

Alinifundisha dira asubuhi moja. Sindano ina ncha mbili, kuna duara la kuzungusha, na kuna kitu unafanya kabla ya kusoma. Niliitikia kwa kichwa kila aliponyamaza. Alipouliza kama nimeelewa nikamwambia, Madam, hata nikiwa nimelala. Mawe matatu tukayachora pamoja. Halafu Jumatatu akaniachia kilima kizima, yeye akavuka bonde, ndiyo kazi iishe kabla ya gari la chuo kuja kutuchukua.

Sikukumbuka ni ncha gani inayoonyesha kaskazini.

Ningempigia simu. Ningesema tu nimesahau, anicheke kidogo, tuendelee. Lakini Profesa hapigi simu. Nikainua macho nikaona mlima, kilele cheupe, hakuna hata wingu. Ya nini kuhangaika na kile kisaa cha dira? Tangu nizaliwe Skuta, kule Nyeri, mlima uko mashariki, jua linatokea nyuma yake. Ukiuangalia, kaskazini ni mkono wa kushoto. Nikachora mishale mitano hivyo, imenyooka, nikipiga mluzi. Saa nne wingu likaufunika, nikaendelea kwa kukisia.

Mbeere iko upande wa pili wa mlima.

Jua la asubuhi lilikuwa linanichoma kisogo, mlima uko mbele yangu, na sikujiuliza swali hata moja.

Jioni ile Madam alipima mistari ya mawe yangu, akapima tena. Mistari yake yeye yote inakwenda upande mmoja, ya kilima changu inakata kwingine. Akachora, akafuta, akachora tena. Halafu akaanza kucheka peke yake. Akaniambia ile safu ya zamani imejikunja pale, kuna kona ambayo hajaiona kwenye ramani yoyote, na kwamba huenda kazi yake yote ikasimama juu ya kilima kile. Akampigia mwalimu wake simu nikiwa hapo hapo. Nilimsikia akisema huyu kijana wangu ana mkono, mishale yake ni mizuri kuliko yangu.

Na mimi nikafanya nini? Nikamwambia, si nilikwambia, Madam, kuna watu tumezaliwa na mawe kichwani.

Leo asubuhi nilipanda juu ya paa la loji tunakolala hapa Embu, kuanika soksi. Mlima ule pale, mbele yangu. Jua likachomoza, likanipiga sikio la kulia. Nikageuka kuangalia jua, nikageuka kuangalia mlima. Nikadhani bado nina usingizi. Halafu nikaikumbuka mishale yangu mitano.

Hapa ndipo pananiuma zaidi: sikushuka kumwambia. Nilishuka nikanywa chai na mandazi mawili. Nikamsaidia kufunga mawe kwa magazeti. Nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: kesho gari linakuja, mawe yanakwenda Nairobi, mimi narudi nyumbani, nani atajua?

Saa nane alikuwa kwenye veranda anamwandikia mwalimu wake kuhusu ile kona, akinisomea kila alichoandika. Akasema ataniweka kwenye ukurasa wa shukrani. Akaniuliza jina langu kamili linaandikwaje.



"Madam, hiyo kona si ya milima," nikamwambia. "Hiyo kona ni mimi."

Nikamweleza yote. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Aliuliza kitu kimoja, kwa sauti ndogo: "Na dira ilikuwa wapi?"

Nikasema mfukoni.

Akafungua magazeti yote, akayapanga mawe yangu sakafuni. Akaniambia ya dira ni mazuri. Ya mlima yanaweza kuokolewa, kwa sababu niliyapotosha yote kwa kiasi kimoja, atayazungusha kwa hesabu. Ya kukisia ni ya kutupa. Basi nikayataja moja moja. Dira, dira, dira. Mlima mara tano. Kukisia mara mbili. Kila nilipotaja, niliona ile kona yake ikinyooka, na uso wake nao ukifungika.

Likabaki la kijani. La bahari. Liko moja tu, na ndilo alilolitafuta wiki mbili.

"Na hii kijani, Profesa?"

Safari hii hakuna aliyecheka hilo jina.

Nakumbuka maka ilikuwa inakauka nikaitikisa. Nakumbuka wingu lilikuwa linapanda. Sikumbuki kama kilele nilikiona. Akaniangalia, na nilijua neno analolingoja. Ningesema tu mlima, angelifunga jiwe akaenda nalo. Na mimi ulimi wangu haujawahi kukosa neno.

"Sijui."

"Ati hujui?"

"Sijui, Madam. Nikisema ni ya mlima nitakuwa nakudanganya tena."

Akapiga mstari kwenye daftari, akaniambia nilitoe nje. Nikalibeba kwa mikono miwili nikaliweka kando ya ua, pamoja na mawe yanayozunguka bustani ya maua. Mshale wangu bado uko juu yake, mzuri kweli, unaonyesha popote utakapoligeuza.

Amebadilisha safari. Kesho gari haliendi Nairobi, linarudi Mbeere saa moja asubuhi. Hajaniambia niende, hajaniambia nisiende. Chakula cha jioni amekula chumbani kwake.

Nimefuta vichekesho vitatu nikiandika haya.

Saa kumi na mbili na nusu nitakuwa nimesimama getini, chupa zimejaa maji, nyundo iko kwenye mkoba. Akiniacha, ameniacha. Akisimama aniulize kama najua kutumia dira, nitamwambia hapana, Madam. Nifundishe.