Ufuo Aliouchagua Mama

Las Toninas,
Jumapili, 19 Januari

Dada yangu Leti,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mchangani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua sasa ambapo hata nyinyi wa baridi ya Bariloche mnaota jua kidogo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Norberto ameungua mabega kama kila mwaka, kwa sababu hasikii la mkewe mimi wala la mwadhini wa redio anayetangaza jua kali. Nimesema wazima wa mwili, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini nimeishia hapo.

Najua umeshangaa kuona jina la Las Toninas juu ya karatasi. Hata mimi nilishangaa. Tangu utoto wetu tumekwenda Mar del Plata, na miaka ishirini na miwili sasa ni hema namba 48, mstari wa pili kutoka majini, na majirani wale wale wa 47 wenye mbwa. Novemba tulikaa mezani kwa Mama, kule Rosario, kupanga likizo kama kawaida, na kila mtu akaja na ufuo wake. Norberto alitaka Brazili, Florianópolis, maji ya vuguvugu, mashua za kuzungusha watu visiwani na miwani ya kutazamia samaki. Mimi nilitaka Uruguay, La Paloma, nijifunze kusimama juu ya ubao wa mawimbi kabla sijafika hamsini. Norberto akasema siku nitakayosimama juu ya ubao, mawimbi yenyewe yatakimbia. Tulingoja Mama acheke, halafu aseme lile lake la siku zote, kwamba bahari isiyo na wimbi ni beseni, na wote turudi Mar del Plata tukinung'unika. Badala yake akasema, "Mwaka huu ni Las Toninas. Asiyetaka abaki Rosario na mbu."

Mama yetu, Leti! Yule aliyekuwa akiogelea hadi ng'ambo ya mawimbi mpaka waokoaji wakampulizia filimbi, eti achague ufuo ambao unatembea weee na maji bado yako magotini! Nilimuuliza sababu. Akasema ni umri, kisha akainuka kwenda kuzima jiko ambalo halikuwa limewashwa. Hapo ndipo nilipoanza kunusa jambo. Unanijua. Norberto husema nilizaliwa polisi, wakasahau tu kunipa kofia.

Basi nikaanza kumchunguza. Alipompigia simu mwenye nyumba hakuuliza kama kuna friji. Aliuliza kama geti lina kufuli, vituo vya waokoaji viko vingapi, na kama ufuo umenyooka au una kona. Siku tuliyofika, kabla hata hatujafungua mwavuli, alimwendea mwokoaji wa kituo chetu, Damián, mwanamume wa makamo mwenye mgongo mpana kama mlango, wakanong'onezana dakika kumi. Alipogeuka na kuniona ninatazama, akasema alikuwa anaulizia upepo.

Na kila tulichopanga kufanya alikikata. Norberto alimwalika Baba waende gatini kuvua. Mama akajibu, "Hataki." Wazee wa mwavuli wa jirani walimwita akarushe visahani vya tejo. "Hataki." Nikasema mimi nitampeleka kuona farasi kule kwenye vilima vya mchanga. "Amechoka." Baba mwenyewe amekaa tu na kofia mpya ya rangi ya chungwa aliyonunuliwa, kibuyu chake cha chai ya yerba mkononi, anatabasamu, hasemi ndiyo wala hapana. Mchana mmoja nilimkuta Mama anashona kitu ndani ya ile kofia, na aliponiona akaikalia. Nikaamini kwamba ameuza nyumba ya Rosario na anamziba mzee wa watu mdomo ili siri isimtoke.

Lakini kilichonitia wazimu ni mkate. Kila siku saa kumi na moja jioni Mama alivaa gauni lake la bluu, akachukua mfuko, akaniambia, "Mirta, kaa na baba yako. Usinyanyuke mpaka nirudi. Nakwenda kununua mkate." Duka la mkate liko mtaa wa pili tu. Alirudi baada ya saa nzima, amejifunga kitambaa kichwani, uso unang'aa kama wa msichana, na siku mbili kati ya nne alirudi bila mkate. Nikamwambia Norberto kwamba Mama ana mwanamume. Alicheka mpaka akapaliwa. Akasema, "Na miaka yake sabini na tatu! Mpe pole huyo mwanamume." Mimi sikucheka. Nilimwonea Baba huruma, na Mama nilimchukia, Leti. Nakwambia kweli, nilimchukia siku mbili nzima.

Alhamisi Norberto alikuwa gatini na fimbo zake za kuvulia. Mama akavaa gauni la bluu, akaniagiza yale yale, akaondoka. Nilihesabu hadi hamsini. Kisha nikamwambia Baba asitoke chini ya mwavuli, narudi sasa hivi. Akanijibu vizuri kabisa, "Nenda, mwanangu, mimi niko hapa hapa." Nikaenda.

Mama hakupita dukani. Alifuata ufuo kuelekea kusini kwa hatua za haraka mpaka pale watu wanapoanza kuwa wachache. Nikajibanza nyuma ya kibanda cha maandazi ya churro, na lile gauni langu la njano, nikingoja huyo mtu atokee. Mama akavua gauni. Ndani alikuwa amevaa vazi lake jeusi la kuogelea, lile la zamani. Akaingia majini, akatembea mpaka maji yakamfika kiunoni, akajilaza, akaogelea. Basi, hakuna kingine. Hapakuwa na mwanamume yeyote. Nilijiona mpumbavu, na bado sikuondoka. Mikono yake ilikuwa inaingia majini bila kurusha tone, kama alivyokuwa akitufundisha, nami nikasimama pale kumtazama.

Ndipo nikasikia makofi. Unayajua makofi hayo. Ulikuwa na miaka sita ulipopotea Mar del Plata, bwana mmoja akakubeba mabegani, na ufuo mzima ukapiga makofi, mwavuli baada ya mwavuli, mpaka Baba akasikia akaja mbio na kandambili moja. Nikafikiri, maskini, mtoto wa watu amepotea. Nikamtazama Mama. Alikuwa amesimama mbali, kwenye fungu la pili la mchanga, amegeukia kule makofi yalikotoka. Kisha akaanza kurudi ufukoni kama mtu anayefukuzwa, na hapo nikamkumbuka Baba.

Nilikimbia. Kwenye kiti cha waokoaji nilimkuta Baba, kofia ya chungwa kichwani, Damián amemshika bega, na watu wote wanapiga makofi. Baba naye alikuwa anapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, huku anatafuta kwa macho huku na huku. Aliponiona akasema, "Njoo, bibie, tusaidie. Kuna mtoto amepotea." Aliniita bibie, Leti. Mimi, Mirta wake. Watu waliposikia hivyo wakaacha kupiga makofi mmoja mmoja, na Mama akafika analowesha mchanga, miguu mitupu.

Damián alinieleza kwamba Baba alikutwa akienda mwavuli hadi mwavuli, akiulizia hema namba 48. Ndani ya kofia mlikuwa mmeshonwa jina lake na namba ya simu ya Mama.

Jioni hiyo Mama alitueleza yote. Ni mwaka mmoja na nusu sasa tangu daktari aseme. Kila unapopiga simu ukaambiwa Baba yuko bafuni, Leti, hayuko bafuni. Mama anaogopa mzee hataitambua sauti yako. Januari iliyopita alipotea Mar del Plata kwa muda wa saa mbili, sisi tukidhani anacheza karata, na Mama hakutaka watu wa 47 wamwone tena katika hali ile. Ndiyo maana ya kufuli, na ufuo ulionyooka, na maji ya magotini. Alipomaliza alilikunja lile vazi jeusi, bado limelowa, akalitupa kwenye pipa la taka. Akasema, "Nilitaka nusu saa yangu tu majini, na nusura nimpoteze. Mimi na bahari tumeachana."

Sasa sikiliza kosa langu. Mbele ya Norberto na Mama, nilisema nilikuwa nimesinzia. Sikusema niliinuka nikamwacha kwa sababu nilimshuku mama yangu kuwa malaya. Nikamwacha abebe lawama yote peke yake, nikanyamaza siku mbili, nikala na chakula chake.

Jana nilishindwa. Tulikuwa tunamenya viazi, nikamwambia yote, mwanamume wa mkate, kibanda cha churro, yote. Mama hakuacha kumenya. Akasema, "Nilikuona. Gauni la njano kama lile, hata samaki walikuona." Nilitaka kucheka, ila sikuthubutu. Akaendelea, "Nilikuwa nimefika fungu la kwanza. Nikajua kama wewe uko pale, mzee yuko peke yake. Nikasema, ngoja nifike tu fungu la pili, halafu nirudi. Nikaenda, Mirta. Nilijua, na nikaenda." Kisha akaniomba nimpe kiazi kingine.

Nililia mimi, yeye hakulia. Nikatoka nje kwenye pipa. Vazi lilikuwa bado limo, chini ya maganda ya tikiti. Nimelifua mara mbili, na sasa ninavyoandika liko kwenye kamba, karibu na suruali ya Norberto. Mama amepita mbele yake mara tatu tangu asubuhi na hajaliondoa.

Dada, njoo Januari ijayo. Novemba uwe mezani Rosario nasi, uje na ufuo wako kama wengine. Mimi nimeacha mambo ya ubao. Nataka mahali penye mawimbi makubwa, mmoja wetu akae na Baba, zamu kwa zamu, na Mama aende mpaka wampulizie filimbi. Nikiwa zamuni sitainuka, hata ufuo ukiwaka moto. Ila mimi na Norberto peke yetu hatutoshi.

Norberto anakusalimu, anasema amevua samaki mmoja tu na mbwa wa jirani akamla. Mama anakusalimu pia, na amesema ukipiga simu tena hatakuambia habari za bafuni. Wape mkono wote wa nyumbani kwako. Baba yuko hapa kando yangu na chai yake. Kila siku anauliza kama watu wa yule mtoto walikuja kumchukua. Leo nimemwambia mmoja alikuja, na mwingine yuko njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Mirta