Mkate wa Kifaduro

Jumanne, 11 Februari 1947
Attracta wa ng'ambo ya kilima amekuja, mwanawe kamfunika shali. Kifaduro! Anataka mkate wangu. Yote kwa sababu nilizaliwa na jina la ukoo la Durkan, nikaolewa na Durkan mwingine asiye ndugu yangu. Mwanamke asiyebadili jina, mkate wake hutibu kifaduro — ndivyo wanavyoamini huku. Mimi sijui. Nikamkatia kipande. Mwanawe akashikana vidole na Ita wangu, wakachekeana. Ita ana miezi minne tu. Nilijiona mtu wa maana.

Ijumaa, 21 Februari
Ita anakohoa. Mama mkwe, Honor, alisikiliza mara moja tu, akaweka chini sindano za kufumia. "Kifaduro hicho, mwanangu."
Nikalowesha mkate kwenye maziwa, nikampaka midomoni. Katapika. Honor anasema mkono wangu hauponyi mtoto wa tumbo langu. Mbona hakusema mapema!
Halafu nikakumbuka vile vidole. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

Jumapili, 23 Februari
Leo tumejaribu dawa nyingine ya huku, ya punda. Mtoto hupitishwa mara tatu chini ya tumbo lake. Mimi upande huu, mume wangu Fintan upande ule. Kaanza na utani wake: "Akitupiga teke tutatafuta na dawa ya mbavu." Mara ya tatu Ita akakosa pumzi. Midomo ikawa bluu. Tukamtikisa, tukamwita — akalia. Fintan akaketi palepale kwenye matope. Punda anatafuna tu.

Jumanne, 25 Februari
Theluji tangu alfajiri. Ukuta wa shamba hauonekani. Fintan ameondoka kwa miguu kumwita daktari, maili tisa. Nilimwambia asiende. Kisha nikamwambia aende.

Jumatano, 26 Februari
Mchana. Fintan hajarudi. Honor kampakata Ita karibu na moto. Naandika kwa kuwa mikono haina kazi.

Mlango umegongwa. Nikaruka — daktari! Kumbe Malachy, jirani wa chini, theluji hadi kiunoni. Anataka mkate. Nikamwambia arudi, hapa pana ugonjwa. Akafungua koti. Binti yake yumo ndani, anakohoa.
"Utamnyima mtoto dawa, mama Ita?"
"Ni unga na magadi, Malachy! Unga na magadi tu!"
"Wewe nipe hivyohivyo."
"Ingekuwa dawa, huyu wangu angekuwa hivi?"
Akamtazama Ita. Akamtazama sana. Siwezi kuwafukuza katika theluji hii, nimewaacha waingie. Sasa watoto wanakohoa wote wawili, huyu akipumzika huyu anaanza. Honor anasali kwa sauti. Barabarani hakuna mtu.

Malachy bado amesimama mbele yangu. Bado amenyoosha mkono, anangoja mkate.